Foleni ya Zumari Inaanzia Kilwa

Mtu wa Glasgow au Dublin akitaka zumari ya kiriba iliyochongwa na fundi anayeaminika, haendi kununua dukani. Anamwandikia fundi, anaeleza anachotaka, anatoa arubuni, kisha jina lake linaingia kwenye daftari na yeye anangoja. Kwa zumari za Kiskoti, zile za mabomba matatu begani ambazo wengi wetu tumeziona kwenye magwaride ya televisheni, atangoja miezi, na kwa fundi mwenye jina hata miaka. Kwa zile za Kiayalandi, zinazojazwa upepo kwa mvukuto mdogo unaobanwa chini ya kiwiko, watu hungoja miaka mingi, na wapo mafundi waliokwisha funga madaftari yao na hawapokei oda mpya. Wapigaji hawalalamiki. Wanajua kwamba kule karakanani yupo mtu mmoja, pengine na mwanafunzi wake, na kwamba kazi ile haiharakishwi.

Hoja yangu ni kwamba foleni hiyo haianzii kwenye karakana ya Glasgow wala ya Dublin. Inaanzia Kikole, Kisangi na Nanjirinji, ndani ya misitu ya Wilaya ya Kilwa na wilaya jirani za Lindi, kwa sababu mti unaochongwa zumari hizo ni mpingo. Mpingo huchukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia unene wa kuvunwa. Mpigaji anapotoa arubuni yake, anangoja miaka michache ya mwisho tu ya safari ndefu ambayo sehemu yake kubwa imelindwa na watu wa vijiji hivi. Fundi hupewa arubuni ili aifanye kazi kwa utulivu. Kijiji kinachoutunza mti hupewa fedha siku gogo linapokatwa, na kabla ya siku hiyo hakipewi kitu. Naona hilo lirekebishwe, na naamini linarekebishika.

Mimi ni mkereza mbao. Nimezaliwa Kivinje, karakana yangu iko Masoko, na mpingo nimeushika tangu nilipokuwa kijana wa kumfagilia marehemu baba vumbi la mashine. Kazi zetu ni za kawaida: miguu ya vitanda, mipini ya patasi, bakora za wazee, michi ya vinu vidogo. Lakini anayeujua mpingo kwenye mashine hahitaji kuelezwa kwa nini mtu wa mbali auvukie bahari.

Haukerezwi kama mninga. Mninga unakupa nyuzi ndefu zinazojikunja zenyewe na kuangukia miguuni. Mpingo mkavu unakupa vumbi laini, jeusi lenye uzambarau, linaloganda kwenye kucha na puani, na wengine linawawasha ngozi hadi wanaacha kazi. Patasi iliyonolewa alfajiri ingekaa na mninga mpaka adhuhuri, lakini kwenye mpingo unairudisha kwenye jiwe la kunolea mara kwa mara. Ukikosea pembe ya patasi, mti unaikataa, unasikia mlio mkali na mkono unatetemeka hadi begani. Ukiipatia, kipande kinaanza kung'aa kikiwa bado kinazunguka. Vanishi haihitajiki. Unapitisha kitambaa chenye mafuta kidogo, basi. Unaweza kuukata hesi ukafunga na kufungua kama chuma na meno yake yasivunjike. Ukikitia kipande kwenye ndoo ya maji, kinazama.

Sifa hizo ndizo anazozitafuta fundi wa zumari. Zumari ya Kiskoti inapulizwa kwa mdomo, na pumzi ya mtu ina maji. Ndani ya bomba mti unaloa kila siku na kukauka kila usiku, huku nje ukiwa mkavu muda wote. Mbao ya kawaida ikiteswa hivyo itapasuka. Mpingo una mafuta yake na nyuzi zilizobanana, na tundu lililotobolewa kwa kipimo leo linabaki na kipimo hicho wakati wa wajukuu. Sauti ya zumari inategemea tundu hilo. Likivimba au kupinda kidogo tu, mabomba yale matatu ya kuvumia hayapatani tena na lile la kuchezea lenye matundu ya vidole.

Hata hivyo mpingo mbichi hauaminiki. Fundi makini hukata kipande cha mraba, hupaka nta kwenye ncha ili unyevu usitoke kwa haraka, hukiweka rafuni kwa miaka. Kisha hukitoboa tundu dogo katikati na kukikereza kwa unene wa kukadiria, hukirudisha rafuni kitulie, na baadaye ndipo hukimalizia. Akifanya pupa, bomba linapasuka mikononi mwa mteja, na jina la fundi linapasuka nalo. Ndiyo maana nasema sehemu ya ule ungojaji wa Glasgow ni mti wa Kilwa unaokauka taratibu kwenye rafu ya mtu mwingine.

Mpingo haukuwa mti wa zumari tangu mwanzo. Waskoti wa zamani walichonga kwa miti ya kwao, kisha meli za biashara zikawaletea miti migumu ya Karibiani, hasa ule uitwao cocus kutoka Jamaika na Kuba. Ulivunwa mpaka ukaadimika. Karakana za Glasgow, kama zile za Peter Henderson na R. G. Lawrie, zilipokuwa zinapata sifa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mpingo wa Afrika Mashariki ulikuwa unaingia kushika nafasi hiyo, na haujaiachia hadi leo. Zumari za Henderson za enzi hizo bado zinapigwa, na nyingi zinauzwa ghali kuliko mpya. Yaliyoukuta mti wa Karibiani nayataja kwa makusudi, maana biashara hii imewahi kumaliza mti mmoja na kuhamia mwingine.

Wala ala hii si ngeni kabisa kwetu kama inavyodhaniwa. Zumari ya pwani, ya Lamu na Unguja, ni ndugu yake asiye na mfuko. Ghuba ina zumari yake ya kale yenye mfuko wa ngozi ya mbuzi, na jamaa zetu walioko Maskati wamezoea kuziona bendi za majeshi ya Oman zikipiga zumari za Kiskoti, wengine wakipiga wakiwa juu ya ngamia. Mombasa mwanzoni mwa karne iliyopita, ngoma ya beni iligawanya mji kati ya vikundi vya Kingi na Skochi, kama Tanganyika ilivyogawanyika kati ya Marini na Arinoti. Watu wa pwani walijitwalia jina la Waskoti wakachezea ngoma yao. Mti wa kuchonga zumari za Waskoti wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba zao.

Niliwahi kufuatana na kamati ya maliasili ya kijiji kimoja walipokwenda kupima miti ya kuvuna. Siku hiyo alikuwapo mgeni, mpiga zumari wa makamo kutoka Uskoti, aliyekuja Kilwa kuangalia magofu akaomba aonyeshwe na mti. Nitaisimulia kidogo, kwa kuwa hoja ya makala hii si yangu peke yangu. Nusu yake niliipata msituni.

Mpingo haukai kwa safu kama mtiki wa kupandwa. Uko mmoja hapa, mwingine unautafuta. Mara nyingi una vishina viwili au vitatu, vimejipinda, magome yana mifereji, na matawi machanga yana miiba. Mpita njia asiyeujua anaupita akidhani ni kichaka kilichozeeka. Mzee aliyetutangulia aliuzungushia utepe usawa wa kifua, akasoma, mwenzake akaandika. Kisha akageuza shoka, akagonga shina kwa kisigino cha shoka mara tatu kwenda juu, sikio likiwa karibu na gome. Akapeleka sikio upande wa pili, akagonga tena.

"Huu tumbo liko wazi," akasema. "Uacheni."

Mgeni alitaka kujua kosa la mti. Nikamtafsiria: moto. Kila kiangazi moto unapita, na mpingo mkubwa haufi kwa moto, lakini jeraha la chini linabaki wazi, linaoza kidogo kidogo hadi kiini kinaliwa. Ukitazama kwa nje ni mti mzima. Ukiupasua unakuta pango. Mgeni akauliza kwa nini basi usikatwe ukatumika kwa kazi nyingine. Mzee akajibu kwamba bado unazaa mbegu, na mbegu hazina habari ya tundu lililo tumboni. Tukasonga mbele. Mti uliofuata ulilia vizuri, ukapigwa namba.

Tulipokaa kupumzika, mgeni akaanza kueleza jinsi alivyoingojea zumari yake. Alikuwa anaisimulia kwa furaha, jinsi alivyokuwa akipokea kadi ya fundi kila mwisho wa mwaka kumwambia bado. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akamwuliza kupitia kwangu:

"Na huyo fundi, muda wote huo ulimpa kitu au alikuwa anakungoja bure?"

"Nilimpa arubuni," mgeni akasema. "Sehemu ya bei, siku ya kwanza."

Mzee akanigeukia. "Fundi, hebu mwambie. Mti huu baba yangu aliuona ukiwa mwembamba kama mkono wake. Arubuni yake iko kwa nani?"

Mgeni hakuwa na jibu, na kwa haki yake hakujifanya analo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliuliza swali hilo kila mahali ninapopata nafasi, na sasa naliuliza gazetini. Lakini kabla ya kulijibu ni lazima niseme tumetoka wapi, maana hali ya leo, pamoja na upungufu wake, ni bora mara nyingi kuliko ile ya miaka ishirini iliyopita.

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ukawa hauzuii tena lori. Kusini kote tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Ila magogo nayo yalifurahi. Usiku njia panda ya Nangurukuru ilikuwa haipumziki kwa malori yanayokwenda Dar es Salaam. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti kuhusu wimbi hilo la uvunaji kusini mwa Tanzania, ikaeleza kwamba mapato ya magogo yaliyopaswa kuingia serikalini yalipotea kwa kiwango kilichofika asilimia 96. Kijiji kilichokuwa na msitu kilikuwa kinaambulia soda za mwenyekiti na fedha za vibarua. Vijana walikata mipingo ambayo haijafika unene, ikapasuliwa, ikakutwa haina kiini cha kutosha, ikatupwa pembeni mwa barabara.

Kilichobadilisha mambo ni sheria tuliyokuwa nayo tayari na tulikuwa hatuitumii. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu kwenye ardhi yake, kuuandikia mpango wa usimamizi, kuusimamia na kuchukua mapato yake. Hapa Kilwa kazi hiyo ilisukumwa na shirika linaloitwa Mpingo Conservation and Development Initiative, lililotokana na utafiti wa wanafunzi wa Cambridge miaka ya 1990 na baadaye likawa shirika la Kitanzania. Mkurugenzi wake, Makala Jasper, alipewa tuzo ya Whitley mwaka 2016 kwa kazi hiyo. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi viliingia kwenye cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayomilikiwa na jamii. Vijiji vingine vikafuata. Nanjirinji peke yake ilitenga zaidi ya hekta 60,000.

Wakati ule ilielezwa kwamba kijiji kilichokuwa kikipata senti 8 za dola kwa gogo kingepata dola 19 na zaidi. Fedha hizo zimechimba visima, zimejenga madarasa, zimeshonea watoto sare. Nimeyaona kwa macho, na anayebeza maendeleo hayo hajawahi kuteka maji ya bwawani pamoja na ng'ombe.

Lakini dola 19 ni malipo ya gogo. Miaka iliyotangulia gogo haimo. Zumari mpya ya Kiskoti ya mpingo isiyo na mapambo inauzwa zaidi ya pauni 1,000, na yenye mapambo ya fedha inafika elfu kadhaa. Sisemi fundi wa Glasgow anamnyonya mtu wa Kikole. Gogo lenyewe likifika kwenye msumeno, sehemu nyeupe ya nje inatupwa, nyufa zinatupwa, mafundo yanatupwa, na kinachobaki kufaa kwa ala za muziki kwa kawaida hakifiki asilimia 10. Juu ya hapo kuna miaka ya rafu na ujuzi wa mikono. Thamani hiyo ni yake kwa haki. Ninachosema ni kwamba yeye na mteja wake wamekubaliana tangu zamani kuwa kungoja kuna gharama, na gharama hiyo inalipwa mwanzoni. Kanuni nzuri kama hiyo haina sababu ya kuishia bandarini.

Arubuni ya kijiji ingekuwaje? Haihitaji maajabu. Kijiji chenye msitu wa hifadhi kina ramani, kina hesabu ya mipingo kwa unene wake, kina mpango unaosema mwaka gani kitavuna wapi. Gogo lenye cheti lina namba inayofuatika hadi kwenye kisiki chake. Mafundi wa zumari, wa klarineti na wa obo wanajiunga, kwa vyama vyao au kwa wauzaji wanaowaletea vipande, wanasaini mkataba wa miaka mingi na vijiji. Kila mwaka wanatoa fedha kiasi, mti ukiwa bado umesimama. Fedha hizo zinalipa doria, njia za moto na upimaji. Siku ya kuvuna, zinakatwa kwenye bei. Kijiji kikiuza msitu kwa mtu wa mkaa, kinarudisha. Mkataba kama huo kijiji kinaupitisha kwenye mkutano mkuu kama kinavyopitisha mambo mengine.

Wapo walioanza kuelewa. Yamaha ya Japani, inayotengeneza klarineti na obo kwa mpingo, imekuwa ikishirikiana na vijiji vya huku kuotesha na kupanda miche. Mche wa leo utavunwa na mfanyakazi wa Yamaha ambaye hajazaliwa. Kampuni ikiweza kufikiri hivyo kwa miche, inaweza kufikiri hivyo kwa mti uliokwisha kusimama miaka 60 na unaohitaji kulindwa ishirini iliyobaki. Mti huo ndio ulio hatarini zaidi, kwa kuwa ndio unaotamanisha.

Najua nitakachojibiwa, maana nimejibiwa. Kijana mmoja wa njia ya Njinjo, mwenye shamba la ufuta na pikipiki ya mkopo, aliniambia kwa adabu kabisa: "Shikamoo mzee. Mti huo nitauvuna mimi au mjukuu wangu? Ufuta navuna mwaka huu." Ufuta umeupa Mkoa wa Lindi fedha ambazo korosho peke yake haikuzitoa, na kila anayelima ufuta hapa anajua kwamba shamba jipya la msituni ndilo linalozaa. Ongeza mkaa wa Dar es Salaam, ongeza mifugo iliyohamia kusini, utaelewa kwamba kijana yule anapiga hesabu kama mtu yeyote mwenye akili. Mahubiri ya uzalendo hayatamzuia. Na kumwambia subira yavuta heri, wakati heri yenyewe inavutiwa Ulaya, ni kumdhalilisha.

Kijana huyo anahitaji fedha ya mwaka huu kutoka kwenye mti wa mwaka 2045. Arubuni inafanya hasa hivyo. Hakuna njia nyingine ninayoijua ya kuufanya mpingo uliosimama ushindane na ufuta.

Kanuni za kimataifa zenyewe zimekuwa zikimwangalia zaidi aliye mwisho wa foleni. Januari 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, uliiweka jamii nzima ya mpingo kwenye orodha ya kudhibitiwa, watengenezaji, wauzaji na wanamuziki wakapata taabu ya vibali kila ala zilipouzwa nje ya nchi. Walilalamika, wakasikilizwa, na tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika zimesamehewa. Nawapongeza. Walijipanga, wakapeleka hoja yao Geneva, wakaipata. Mbao yenyewe bado inadhibitiwa, na mimi naunga mkono udhibiti huo. Lakini vijiji vya Kilwa navyo vikijipanga kama walivyojipanga wao, vina hoja nzito kuliko yao.

Jambo la pili ninalolitaka ni karakana. Tunauza vipande vya mraba, wenzetu wanauza muziki. Hatua za mwanzo za zumari, yaani kupasua kwa mpangilio, kupaka nta, kukausha, kutoboa tundu la kwanza, kukereza kwa unene wa kukadiria, zinaweza kufanyika Masoko au Lindi mjini, tena kwa hewa yetu wenyewe na kwa watu waliozaliwa na mti huu. Wachongaji wa Kimakonde wameuonyesha ulimwengu mzima kwamba mikono ya kusini inauweza mpingo. Tofauti ni kwamba kinyago kinasamehe milimita, zumari haisamehi. Hiyo inafundishika.

Inafundishika, lakini si kwa semina ya siku tatu yenye posho na fulana. Ayalandi ilipoona wapigaji wanaongezeka na mafundi wanapungua, chama chao cha Dublin, Na Píobairí Uilleann, kilichoanzishwa mwaka 1968, kikaanza kufundisha utengenezaji wenyewe, vijana wakisimama kwenye mashine mwaka hadi mwaka. UNESCO iliuingiza upigaji wa zumari zao kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2017. Upande mwingine upo mji wa Sialkot, Pakistan, unaotoa zumari kwa maelfu, nyingi kwa mti wa shisham, ambao ni wa ukoo mmoja na mpingo. Ni za bei nafuu, zinapendeza ukutani, na wapigaji makini huwaonya wanafunzi wao wasizinunue. Kilwa tukiingia kwenye kazi hii, tuingie kwa mlango wa Dublin. Tukiingia kwa mlango wa haraka tutakuwa tumetumia mti wa miaka 80 kutengeneza kitu cha kutundika sebuleni.

Vyuo tunavyo. Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, kinachojua kupasua na kukausha. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa, wanaojua sauti. VETA iko Lindi. Sijasikia hao watatu wakikaa meza moja kuzungumzia mpingo. Wakikaa, waanze na zumari ya pwani, ambayo ni bomba moja, haina mfuko, na wapigaji wake wanaopungua wangefurahi kupata iliyochongwa vizuri. Mwanafunzi akimudu tundu la zumari ya Lamu, tundu la zumari ya Uskoti halitamshinda.

Tukichelewa, wenzetu hawatakwama. Mabomba mengi ya kuchezea kwenye bendi za zumari leo ni ya plastiki ngumu. Kampuni ya Buffet Crampon ya Ufaransa inatengeneza klarineti kwa unga wa mpingo uliogandishwa na nyuzi za kaboni, kutumia mabaki ambayo zamani yalitupwa. Mafundi watakapokosa mti mzuri watahuzunika, kisha wataendelea, kama walivyoendelea baada ya cocus. Vijiji vyetu ndivyo vitakavyobaki na mashamba ya ufuta yaliyochoka.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa iitishe kikao cha vijiji vyenye misitu ya hifadhi mapema, na suala la arubuni liwe ajenda ya kwanza. Kazi ya kwanza ya fedha hizo naijua: kuchoma mapema. Mwezi wa Mei na Juni majani yakiwa bado na ubichi, kamati inawasha moto mdogo unaotembea chini na kuzimika wenyewe jioni, ili ule mkali wa Septemba usikute cha kula kwenye mizizi ya mpingo. Kazi hiyo inataka watu, viatu, maji, chakula na mafuta ya pikipiki, na kila mwaka kuna vijiji vinavyoshindwa kwa kukosa fedha ndogo kama hizo, halafu moto wa Septemba unapita na kutoboa matumbo ya miti ambayo ingekuwa tayari baada ya miaka kumi. Mafundi wa Glasgow na Dublin wana madaftari yenye majina ya wateja waliokwisha lipa. Waandikiwe barua kwa jina la vijiji, yenye muhuri wa kijiji na sahihi ya Halmashauri, iwafikie kabla ya Mei.